Bwawa la Nyumbani: Hesabu Huanza Shimoni

Watu huniuliza bei ya bwawa la kuogelea kama wanavyouliza bei ya nyanya katika soko la Madaraka. "Mama, bwawa dogo tu la watoto, nyuma ya nyumba, litanigharimu ngapi?" Sijibu kwa tarakimu. Nauliza kwanza: ploti iko upande gani wa barabara ya Thika, na je, umewahi kuchimba shimo hapo? Wengine hudhani nawakwepa. Mimi ni mkadiriaji wa gharama za ujenzi, QS kama tunavyoitwa kwenye mjengo, na kwa miaka yote niliyofanya kazi kati ya Ruiru na Thika sijaona kitu kinachopindua bajeti ya bwawa kama udongo.

Ukitoka Ruiru kwenda Thika, mkono wa kushoto nchi inapanda kuelekea Githunguri na Gatundu. Udongo wa huko ni mwekundu, wenye kina, ule uliolea mashamba ya kahawa. Utafiti wa kahawa nchini una makao yake Ruiru, na aina ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985 ikapewa jina la mji huo, Ruiru 11. Mkono wa kulia nchi inalala tambarare kuelekea Juja Farm na Makongeni, na ukishika barabara ya pembeni ya mashariki unaikuta hali hiyo hiyo Kamakis: udongo mweusi, ule mafundi wanaouita bleki kotoni. Ukinywa maji unavimba. Ukikauka, mwezi wa pili, unapasuka hadi unaweza kuingiza kiganja kizima ufani. Mpaka kati ya udongo huu na ule haukunyooka, na nimewahi kuukuta mweusi mahali nilipoutarajia mwekundu. Ndiyo maana nauliza habari za shimo.

Mwaka 2023 nilisimamia hesabu za bwawa moja karibu na Kamakis. Mwenye nyumba alitaka urefu wa mita 8, upana wa mita 4, kina cha mita 1.1 upande wa watoto na mita 1.7 upande wa wakubwa. Kwa wastani wa mita 1.4, hilo ni bwawa la maji lita 45,000 hivi. Lakini shimo huwa kubwa kuliko bwawa, kwa sababu kuta zina unene, sakafu ina unene, na fundi anahitaji mahali pa kusimama. Tulipanga kuchimba mita 9.5 kwa 5.5, kwenda chini mita 1.9, yaani karibu mita za ujazo 100. Udongo ukishatoka ardhini hufumuka, huongezeka kama theluthi, kwa hiyo niliandika safari 13 za tipa ya mita za ujazo 10. Kuchimba na kubeba nikaweka shilingi 210,000.

Siku tulipofika mita 1.9, fundi mkuu, mzee aliyejenga matangi ya maji tangu ujana wake, aliteremka shimoni akachukua kipande cha nondo akakichomeka sakafuni kwa mkono mtupu. Kilizama hadi kwenye kiganja. Akakichomoa, akaingia hatua mbili, akachomeka tena. Kikazama. Akaniangalia kutoka kule chini. "Mama, hapa hatujafika."

Tulichimba sentimita 70 zaidi ndipo tukagonga mwamba uliooza. Hizo sentimita 70 zilitaka safari nyingine 5 za tipa, kisha lile pengo likajazwa mawe ya hadikoo na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kwa maana huwezi kulaza zege juu ya udongo unaopumua. Zile 210,000 zikawa 390,000. Mwaka mmoja kabla, bwawa la ukubwa uleule Ngoingwa, kwenye udongo mwekundu, lilichimbwa kwa bajeti ileile niliyoandika, na majirani wakaja na mikokoteni kuomba udongo wa bustani.

Mwenye nyumba wa Kamakis alikuja kwangu akiwa na bei kichwani: milioni 2. Aliipata kwa mtu aliyejenga. Haikuwa ya uongo. Zege, nondo na kuta nilizipigia shilingi 1,150,000. Dawa ya kuzuia maji kupenya pamoja na vigae, 520,000. Pampu, chujio la mchanga, mabomba na taa, 430,000. Jumla ni milioni 2.1, na hilo ndilo bwawa watu wanalolisema. Lakini lililobaki nje ya kauli hiyo ni uchimbaji kwa ile bajeti ya kwanza ya 210,000, michoro, mhandisi na vibali 180,000, chumba cha pampu na umeme 160,000, sakafu ya kuzunguka bwawa 260,000, bustani 190,000 na uzio 110,000. Hapo tulifika 3,210,000. Juu yake niliweka asilimia 15 ya dharura, shilingi 481,500, na kwenye udongo mweusi sishuki chini ya hapo hata mteja akinuna. Kwenye udongo mwekundu naweza kukubali asilimia 10.

Usizinakili tarakimu hizi kuwa zako. Saruji na chuma hupanda, na ploti yako si ploti yake. Chukua uwiano: kwa kila shilingi 2 za bwawa lenyewe, shilingi 1 na ushee ilienda kwenye vitu ambavyo hakuna mtu aliyemtajia.

Vibali sitavikalia sana. Michoro hupelekwa kaunti ya Kiambu kuidhinishwa, kazi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na mkandarasi awe amesajiliwa nayo pia. Anayekuambia bwawa ni shimo tu na halihitaji mchoro anakuandalia hasara, kwa sababu bwawa ni tangi la tani 45 lililo karibu na msingi wa nyumba yako.

Na tangi hilo lina hatari ambayo wengi hawaijui: likiwa tupu linaweza kuelea. Mwezi wa nne mwaka 2024, katika zile mvua kubwa zilizofurisha mito nchi nzima, niliitwa kuona bwawa la watu wengine Ruiru. Walikuwa wamelimwaga ili walisafishe, wakasema mvua ikipita watalijaza. Maji yalikuwa yamejaa ardhini pande zote. Nilipofika, upande wa kina kirefu ulikuwa umeinuka kama sentimita 9, vigae vimefyatuka kwa mstari, na mabomba yamekatika ukutani. Maji ya chini yalilisukuma juu kama mtumbwi. Kinga yake ni changarawe na bomba la kutoa maji chini ya sakafu, pamoja na vali ndogo sakafuni inayofunguka maji ya ardhini yakizidi. Kwenye bajeti ya mamilioni, vitu hivyo ni senti. Katika makadirio waliyopewa, vilikuwa vimefutwa ili bei ionekane nzuri. Mama mwenye nyumba alikaa kwenye ngazi za veranda bila kusema neno, na sikuwa na la kumwambia la kumfariji.

Halafu kuna maji ya kujaza. Lita 45,000 ni maboza manne na nusu ya lita 10,000. Ruiru tumezoea mifereji inayotoa maji kwa zamu. Bwawa la Karimenu II kule Gatundu lilijengwa ili kuongeza maji ya Ruiru na Juja, lakini usipange bajeti kwa kutegemea mfereji pekee. Mwenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine ana nafuu, mradi awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ayapime maji kabla ya kuyamwaga bwawani. Maji yenye chuma hutoka kisimani yakiwa maangavu. Ukitia klorini yanageuka rangi ya chai ya rangi, na madoa hushika kwenye vigae vipya. Kupima kwenye maabara ni gharama ndogo kuliko kusugua bwawa zima.

Kabla ya vigae kuwekwa, bwawa lijazwe na liachwe siku 7. Hapa kuna ugomvi wa kila mara, mwenye nyumba akisema maji yamepungua, fundi akisema ni jua. Wote wawili wanaweza kuwa na haki. Siku ya jua kali maji hushuka karibu nusu sentimita kwa kuvukizwa tu, ambayo kwenye bwawa la Kamakis ni lita 160. Sisi huweka ndoo kwenye ngazi ya bwawa, tukaijaza maji hadi yalingane na ya nje, tukatia alama ya penseli ndani na nje. Baada ya siku moja tunapima. Yakishuka sawa, ni jua. Maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, pana tundu, na fundi hapokei pesa za hatua hiyo mpaka alitafute. Mimi pia hushauri asilimia 10 ya malipo izuiwe kwa miezi 6 baada ya kazi kukabidhiwa, na iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, ili isije ikaonekana kama dhuluma.

Bustani watu huiacha mwisho, pesa zikiwa zimeisha, na hilo hunisikitisha, kwa maana bwawa lililozungukwa na vumbi ni bwawa chafu. Mvua moja ikinyesha, udongo wote unaingia majini. Udongo mwekundu wa juu, sentimita 30 za kwanza, urundikwe pembeni siku ya kwanza ya kuchimba na ulindwe. Ndio utakaorudi kuwa bustani. Wa Kamakis tulilipa kuutupa mweusi, kisha tukalipa tena kuleta mwekundu kutoka juu. Nyasi za Pemba zinashika vizuri zikipandwa mwanzoni mwa mvua, na hapo unapunguza gharama ya kumwagilia. Sakafu ya kuzunguka, iwe ya kabro au mawe ya Mazeras, ilazwe ikiinama kidogo kwenda nje, maji ya mvua yasikimbilie bwawani.

Na miti! Mwenye nyumba wa Kamakis alitaka mti wa maua ya rangi ya moto, kwa mapenzi ya jina ambalo Thika ilipata tangu Elspeth Huxley alipochapisha kitabu chake, The Flame Trees of Thika, mwaka 1959. Ni mti mzuri, naupenda. Tuliupanda langoni. Kando ya bwawa maua yake mazito yangeanguka majini kila asubuhi, na mizizi ingetafuta bomba. Mukima, yaani grevilea, nao hupukutisha majani mwaka mzima. Karibu na maji panda michikichi ya mapambo na vichaka visivyomwaga majani.

Ujenzi ukiisha, mwezi unaanza kudai. Pampu ya nguvu ya farasi 1 ikizunguka saa 8 kwa siku inakula yuniti 6 za umeme, yaani 180 kwa mwezi, ambazo kwa mwenye nyumba wa Kamakis zilikuwa karibu shilingi 5,000 za tokeni. Dawa zilikuwa kama 6,000, kijana wa kusafisha na kupima maji 8,000, maji ya kuongeza 3,000. Hizo ni 22,000 kila mwezi, 264,000 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni zaidi ya milioni 2.6, kuliko zile milioni 2.1 za bwawa lenyewe. Kama mshahara au kodi ya nyumba zako haiwezi kubeba 22,000 bila kugusa karo, punguza ukubwa. Bwawa la mita 5 kwa 3 linawaburudisha watoto vilevile. Usinunue dawa nusu nusu: maji yasiyo na klorini ya kutosha hugeuka kijani kwa siku chache za jua, na kijani hicho huficha mtoto aliyezama.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Pesa zikipungua, mteja huniambia tufute uzio, watoto wake ni wakubwa. Sifuti. Shirika la Afya Duniani linataja vizuizi vinavyomzuia mtoto kufika majini miongoni mwa kinga kuu za kuzama. Mtoto wa jirani anaingia kwa lango lililoachwa wazi dakika mbili. Futa taa za rangi, futa maporomoko ya mapambo, chagua kigae cha bei ya chini. Uzio wa mita 1.2, usio na mahali pa kukanyagia, wenye lango linalojifunga lenyewe na komeo lililo juu, ubaki.

Sasa, kabla hujampigia mchora ramani wala kumlipa mtu kianzio, fanya jambo moja. Tafuta vijana wawili wenye sururu na koleo, uwalipe ujira wa siku wachimbe shimo la mita 1 kwa 1 pale unapotaka bwawa, wateremke mita 2.5, au watakapogonga mwamba. Likipita mita 1, waweke mbao za kuzuia kuta zisiwaporomokee. Jioni lifunike kwa mbao nzito. Asubuhi lifunue uangalie mambo matatu: rangi ya udongo hadi chini, kama nondo inazama kwa mkono, na kama kuna maji yaliyojikusanya usiku. Andika ulichokiona, piga picha futi ikiwa ndani ya shimo, kisha uje na picha hizo. Hapo nitakupa tarakimu.