Je, Wajua? Kompyuta au mashine ya midundo

Je, wajua kwamba mashine ya midundo nayo ni kompyuta? Roland MC-8, sikwensa (kifaa cha kupanga noti) iliyotoka Japani mwaka 1977, ilitumia prosesa ya Intel 8080A, na mtunzi aliingiza noti kwa kubonyeza tarakimu. Anayekwepa kompyuta akanunua mashine, amenunua kompyuta yenye kazi moja. Faida yake iko hapo hapo: haitakatiza onyesho ili ijisasishe.

Je, wajua kwamba MIDI, lugha ambayo vyombo hutumia kuambiana noti gani ipigwe, ilionyeshwa hadharani Marekani Januari 1983? Kebo iliunganisha sinthesaiza mbili, Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland, za kampuni mbili shindani. Soketi ya MIDI ya pini tano bado hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, kasi ya tangu siku hizo. Amri ya noti moja ikitumwa kamili huchukua karibu milisekunde 1. Ukitaka noti 10 zilie kwa pamoja, zinapanga foleni, na ya mwisho huchelewa karibu milisekunde 9. Kwenye rumba ya taratibu hakuna atakayeshtuka. Ila singeli ikifika mipigo 300 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 50 tu, na hapo ucheleweshaji huo unauma. Ala zinazolia ndani ya programu hazipiti kwenye kebo, hivyo foleni hiyo haziijui. Kwa singeli ningechukua kompyuta bila kusita.

Je, wajua kwamba singeli ya Dar es Salaam ilifika kwa wasikilizaji wa Ulaya kupitia albamu Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala? Ni muziki uliopikwa kwenye kompyuta za studio za mtaani, si kwenye mitambo ya bei mbaya.

Je, wajua kwamba FL Studio, programu ya kutunga muziki iliyoanzia Ubelgiji kwa jina la FruityLoops, ukiinunua mara moja unapata matoleo yake yajayo bure?

Je, wajua kwamba mashine ya midundo MPC60 ya mwaka 1988, kazi ya Roger Linn na Akai, iligawa kila pigo mara 96 tu? Programu za leo hugawa zaidi ya hapo, lakini vidole vilizipenda pedi 16 za MPC60. MPC3000 ya mtayarishaji wa hip-hop J Dilla sasa imehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kama mikono yako ndiyo inayotunga, nunua pedi. Zipo hata za kuchomeka kwenye kompyuta.

Je, wajua kwamba sampla ya Roland SP-404 huendeshwa kwa betri 6 ndogo za AA? Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Je, wajua kwamba kompyuta "inayochelewa" mara nyingi inahitaji kurekebishwa bafa tu, yaani akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa? Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 6. Ipunguze unaporekodi, iongeze unapochanganya sauti.