Mvinyo wa Lushoto: Ajuaye kuonja ndiye ajuaye kuuza

MSAFIRI anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, umbali wa kilometa zipatazo 33, hukuta matunda ya msimu yamepangwa kwenye ndoo na matenga kando ya barabara. Plamu, peasi na fyulisi huiva karibu kwa pamoja. Zikijaa sokoni bei hushuka, na mkulima huuza kwa hasara au huyaacha matunda yaozee shambani.

Njia mojawapo ya kuokoa mazao hayo ni kuyasindika, na wilaya hiyo ina mifano ya kuigwa. Masista wa St. Eugene wanafahamika kwa jibini, jamu na mvinyo wa ndizi. Watawa wa Kibenedikti wa Sakharani, karibu na Soni, wanafahamika kwa mvinyo na makadamia, na Shamba la Irente kwa jibini na mikate. Aidha, Wasambaa wenyewe wana boha, pombe ya miwa, tangu enzi za mababu.

Hata hivyo, kutengeneza ni jambo moja na kuuza ni jingine. Mgeni akipewa mvinyo uliopigwa na jua, katika glasi yenye harufu ya sabuni, hatarudi tena hata kama ulitengenezwa vizuri.

Funzo lipo Japani. Pombe yao ya mchele, sake, huchachushwa kwa msaada wa ukungu maalumu uitwao koji, unaogeuza wanga wa mchele kuwa sukari ili hamira ipate cha kula. Kilevi chake huwa kiasi cha asilimia 15. Kila eneo lina sake yake. Maji magumu ya Nada huleta sake kavu na yenye nguvu, na maji laini ya Fushimi, mjini Kyoto, huleta iliyo laini. Mteja huambiwa imetoka wapi, inywewe baridi au moto, na iende na samaki gani. Mwaka 2005 jina la Hakusan lililindwa kisheria, hivyo mzalishaji wa kwingineko haruhusiwi kulitumia kwenye sake yake. Desemba 2024, UNESCO iliuingiza ujuzi huo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Namna ya kuonja

Kuonja hakuhitaji mtambo. Kwanza, angalia rangi kwenye glasi safi mbele ya mwanga. Pili, nusa, harufu ya siki ni dalili kwamba hewa imeingia na mvinyo umeanza kuharibika. Tatu, kunywa kidogo, uzungushe mdomoni, kisha uteme au umeze. Anza na mvinyo mkavu, umalize na mtamu. Katikati kula kipande cha mkate na kunywa maji. Usionje baada ya kula pilipili.

Kwa upande wa chakula, mvinyo mtamu wa matunda hupatana na jibini yenye chumvi, kwa kuwa chumvi na utamu hukamilishana. Mvinyo mkavu wenye uchachu hufaa nyama ya mbuzi ya kuchoma, kwani uchachu hukata mafuta. Boha, yenye utamu na uchachu kwa pamoja, hushuka vizuri na makande.

Mzalishaji azingatie pia kwamba boha huendelea kuchachuka hata baada ya kuwa tayari. Ikifungwa kwa nguvu kwenye chupa, gesi inaweza kuipasua. Hivyo haifai kusafirishwa mbali kama mvinyo uliotulia. Anayetaka soko la mbali atunze usafi wa vyombo, asubiri uchachukaji ukome kabisa kabla ya kufunga chupa, apate leseni na afuate viwango vya TBS. Kutengeneza gongo ni kosa la jinai.

Kwa wasiotumia kilevi, ambao ni wengi Usambara, somo ni lile lile kwa jamu, juisi na asali. Mkulima aonje bidhaa yake kabla ya mteja, aandike kwenye lebo jina la mahali ilikotoka, na amweleze mnunuzi ailie na nini. Ndoo ya plamu haina jina, ndiyo maana bei yake hupangwa na mnunuzi. Chupa yenye jina na ladha inayojulikana humpa mkulima nafasi ya kutaja bei yake mwenyewe.