Nyumba ya Anne Hathaway si Kibanda

Katika somo la tafsiri, wanafunzi wetu wakikuta neno la Kiingereza linalotaja nyumba ndogo ya mashambani, karibu wote huandika "kibanda". Ikielezwa kwamba imeezekwa kwa majani, basi huwa "kibanda cha nyasi", na msomaji hufikiria mahali pa kulindia ndege shambani. Tutazame nyumba moja ya aina hiyo: ile aliyokulia Anne Hathaway, aliyeolewa na William Shakespeare mwaka 1582. Iko Shottery, karibu na Stratford-upon-Avon, Uingereza.

Nyumba hii ina vyumba 12. Sehemu yake kongwe ni ya miaka ya 1460. Chini kuna msingi wa mawe, unaozuia unyevu wa ardhi usipande ukutani. Juu ya mawe husimama kiunzi cha mbao za mwaloni. Katika sehemu ile kongwe, miti mikubwa iliyopinda imesimamishwa jozi jozi, ikakutana kwenye mgongo wa paa. Hivyo mzigo wa paa hubebwa na miti yenyewe, si na ukuta. Kwa desturi ya ujenzi huo, nafasi zilizo kati ya miti zilijazwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo.

Fito, kukandika, kuezeka: msamiati tunao tayari, tena wa asili. Tatizo ni kwamba wanafunzi waliokulia mjini huandika "kupaka matope kwenye vijiti", nasi walimu tunawapa alama.

Paa ndilo lenye ufundi zaidi. Majani makavu, kama matete au mabua ya ngano, hufungwa matita na kupangwa kwa tabaka nene. Mteremko ni mkali ili mvua iteleze kabla ya kupenya. Hulowa ngozi ya juu tu. Upenu hutokeza mbele sana, kwa kuwa paa kama hilo kwa kawaida halina mifereji, na michirizi ikianguka karibu ingeula ukuta wa udongo.

Adui mkubwa ni moto. Mwaka 1969 nyumba hii iliungua kwa sehemu, ikakarabatiwa.

Sisi tunapendekeza "nyumba ya shamba iliyoezekwa kwa majani". Ni ndefu, lakini angalau mtu anaweza kuishi ndani yake.