Filbert Bayi

Filbert Bayi Sanka (amezaliwa Karatu, Mkoa wa Arusha, 23 Juni 1953) ni mwanariadha mstaafu wa Tanzania aliyevunja rekodi za dunia za mita 1500 na maili moja. Anakumbukwa hasa kwa kuongoza mbio tangu mwanzo.

Rekodi za dunia

Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Bayi alishinda mita 1500 akimpita Kipchoge Keino wa Kenya. Tarehe 2 Februari 1974 alishiriki fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Nyuzilandi. Wakati huo wakimbiaji wengi walisubiriana na kuongeza kasi mwishoni, lakini Bayi alitangulia tangu mwanzo na hakupitwa. Alimaliza kwa dakika 3:32.2, akivunja rekodi ya Jim Ryun wa Marekani ya 3:33.1. John Walker wa Nyuzilandi, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi hiyo ya zamani.

Tarehe 17 Mei 1975 mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliweka rekodi ya maili moja ya 3:51.0. Walker aliivunja mwezi Agosti mwaka huohuo kwa 3:49.4.

Olimpiki ya 1976

Mashabiki walitarajia wawili hao wakutane kwenye Olimpiki ya Montreal. Hata hivyo, timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imezuru Afrika Kusini iliyotawaliwa kwa sera ya ubaguzi wa rangi. Nchi nyingi za Afrika zilidai Nyuzilandi iondolewe, na dai hilo lilipokataliwa zilisusia michezo. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, hivyo Bayi hakushindana. Walker alitwaa dhahabu kwa 3:39.17, baada ya mbio zilizoanza polepole.

Moscow na baadaye

Mwaka 1978 Bayi alipata medali ya fedha ya mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Kwenye Olimpiki ya Moscow 1980 alikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza tena kwa mbali, lakini Bronisław Malinowski wa Polandi alimpita katika mzunguko wa mwisho. Bayi alipata fedha kwa 8:12.48. Medali hiyo na ile ya fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5000, pia Moscow, ndizo za kwanza za Tanzania katika Olimpiki.

Rekodi ya dunia ya Christchurch ilidumu hadi 1979, ilipovunjwa na Sebastian Coe wa Uingereza. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu hadi 2022, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 mjini Birmingham.

Baada ya kustaafu, Bayi alianzisha shule zinazobeba jina lake na kuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi.