Je, mvulana atafurahia kitabu ambacho shujaa wake ni msichana?

Kuna kauli iliyozoeleka madukani, madarasani na hata majumbani mwetu: msichana atasoma kitabu chochote, lakini mvulana mpe hadithi ya mvulana mwenzake, la sivyo hafiki ukurasa wa kumi. Hata wachapishaji wakubwa wa Ulaya waliiamini. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilipotoka Uingereza mwaka 1997, mchapishaji alimtaka mwandishi, Joanne Rowling, atumie herufi za mwanzo tu badala ya jina lake, kwa hofu kwamba wavulana hawatakigusa kitabu kilichoandikwa na mwanamke. Na hapo shujaa mwenyewe alikuwa mvulana!

Je, kauli hiyo ni ya kweli? Nauliza nikiwa Kabazi, wadi ya eneo bunge la Subukia, kaunti ya Nakuru, ambako riziki imenileta mimi mtu wa pwani. Huku ni mahali pazuri pa kulipima swali hili. Bonde la Ufa ni nchi ya walowezi, na riwaya nyingi mashuhuri zenye mashujaa wasichana ni riwaya za walowezi. Tena wavulana wa sekondari wa huku, kama wenzao wa Mombasa, Kwale na Lamu, wamesomeshwa riwaya za mashujaa wasichana kwa ajili ya mtihani wa KCSE, wapende wasipende.

Tuanze na hizo za walowezi. Mmarekani Laura Ingalls Wilder alizaliwa mwaka 1867 na kutoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 65. Kinachojulikana zaidi, Little House on the Prairie, kilitoka mwaka 1935. Shujaa wake ni Laura mwenyewe akiwa mtoto. Baba anaipakia familia kwenye gari la kukokotwa na farasi, wanakwenda nyika ya Kansas kutafuta ardhi. Mwaka huohuo wa 1935 Carol Ryrie Brink alitoa Caddie Woodlawn, habari za msichana wa Wisconsin anayezurura porini pamoja na kaka zake.

Ukitazama yaliyomo humo utaona kujenga nyumba ya magogo, kuchimba kisima, mbwa mwitu usiku, moto wa nyika, homa inayoiangusha nyumba nzima. Haya si mambo ya kike wala ya kiume. Mtoto wa Kabazi anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe kabla ya kwenda shule anayaelewa upesi kuliko mtoto wa ghorofani, awe wa kike au wa kiume. Wilder alitoa pia kitabu cha mvulana, Farmer Boy, mwaka 1933, kuhusu utoto wa mumewe Almanzo. Mara nyingi mtu mzima akitaka kumpa mvulana kitabu cha Wilder humchagulia hicho, kabla hata hajamuuliza kama angependa kile cha Laura.

Lakini kwa mvulana wa huku kuna kikwazo kingine, na hicho hakihusiani na gauni la Laura. Kinahusu ardhi. Nyika ile ya Kansas ilikuwa ya watu wa Osage, na namna vitabu vya Wilder vinavyowasawiri wenyeji ndiyo iliyofanya wakutubi wa watoto nchini Marekani waliondoe jina lake kwenye tuzo yao kubwa mwaka 2018. Kwetu Kenya tunaye Elspeth Huxley, aliyesimulia katika The Flame Trees of Thika, mwaka 1959, habari za msichana wa Kizungu ambaye wazazi wake wanaanzisha shamba la kahawa Thika. Familia yake baadaye ililima Njoro, si mbali na hapa. Kitabu kina uhai, lakini Mwafrika ndani yake hutazamwa kwa macho ya mwenye shamba.

Sasa mpe kitabu hicho kijana wa Kabazi. Mashamba ya Subukia yalikuwa ya walowezi, na ziko familia huku ambazo babu zao walikuwa vibarua katika mashamba hayo kabla ya uhuru. Msomaji huyo akisita, hasiti kwa kuwa msimulizi ni msichana. Anasita kwa kuwa katika hadithi hiyo babu yake ndiye anayeshika jembe, na jina halitajwi. Anatafuta mahali pa kusimama ndani ya hadithi asipaone. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kama mtoto atakipenda kitabu: je, shida ya shujaa ni shida anayoijua?

Ushahidi uko kwenye vitabu vyetu vya mtihani. Kuanzia KCSE ya mwaka 2018, riwaya ya lazima ya Kiingereza ilikuwa Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, iliyotoka mwaka 2008 na kushinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2009. Mashujaa wake ni dada wawili, Taiyo na Resian, waliolelewa mjini Nakuru. Baba yao anapoteza kazi na kuwahamishia Nasila, ambako mila inataka wakeketwe na kuozwa. Ndoto ya Resian ni kusoma Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kiko Njoro, kaunti hiihii. Mwandishi ni mwanamume wa Kimaasai, na ameweza kuyaona mambo kwa macho ya wasichana.

Kwa upande wa Kiswahili kulikuwa na Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Humo yumo Umu, msichana anayeachwa na mama, anafiwa na baba, kisha wadogo zake wawili wanaibwa na yaya. Riwaya inaanzia kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba zikichomwa na watu wakikimbia. Kaunti ya Nakuru iliyaona hayo mwanzoni mwa mwaka 2008. Kijana wa hapa hahitaji kuelezwa maana ya familia kulala kambini.

Nimezungumza na vijana kadhaa wa huku waliosoma vitabu hivyo. Hakuna aliyeniambia kwamba alichoka kwa sababu shujaa ni msichana. Mmoja alinisimulia Resian anavyoponyoka, kwa pumzi moja kana kwamba anasimulia mechi. Malalamiko yao yalikuwa kwamba wengi hawakusoma riwaya yenyewe, walisoma mwongozo. Mwongozo humpa mwanafunzi sifa za Umu, maudhui na mbinu za lugha, lakini haumpi Umu. Tukisema wavulana hawapendi riwaya hizi, tujiulize kwanza kama wamezisoma.

Na sisi wa pwani hatuna sababu ya kushangaa. Mtoto gani wa kiume Kilifi amewahi kukataa kusikiliza habari za Mekatilili wa Menza kwa kuwa ni mwanamke? Wakoloni walimpeleka Kisii mwaka 1913, akatoroka, akarudi Ugiriama kwa miguu. Madrasa nako, watoto wetu wa kiume wanasikia katika Sura ya Al-Qasas habari za dada yake Musa. Mama anamtuma alifuate sanduku lililobeba kichanga. Binti yule analiangalia kwa mbali asijulikane, kisha anawaendea watu wa Firauni na kuwaelekeza kwa mnyonyeshaji, ambaye ni mama yake Musa mwenyewe. Sijapata kusikia mvulana akisema hicho ni kisa cha wasichana. Anashikwa na hofu ya mtoto kugunduliwa, basi.

Wavulana basi hufurahia hadithi hizi, lakini kwa masharti. Shujaa awe na jambo zito la kulifanya, si kukaa akisifiwa uzuri au kusubiri kuokolewa. Shida yake iwe inafahamika kwa msomaji. Na pasiwe na mtu wa kumcheka. Hili la mwisho ndilo linaloharibu zaidi, kwani mvulana wa miaka 12 anaogopa kucheka kwa wenzake kuliko anavyoogopa kitabu. Neno moja la mjomba, "hicho si cha dada yako?", linatosha kukifunga kitabu hicho mwaka mzima.

Ndugu msomaji, jambo hili si la burudani tu. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ipo tangu mwaka 2011, na ndoa za mapema zimekatazwa, lakini sheria haiingii chumbani wazee wanapopanga mahari. Anayeingia ni kaka, na baadaye baba. Kijana aliyekimbia na Resian usiku kucha, hata kama ni kwa kurasa tu, ana jambo la kusema siku dada yake akitajiwa mchumba angali darasani.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu unayechagua kitabu, wacha kugawa hadithi kama sare za shule. Msomee mwanao kurasa mbili tatu kwa sauti, umwachie kitabu mezani, wala usimwambie ni cha nani. Kizuri chajiuza. Akikirudisha, muulize kilichomchosha, na jibu lake ulisikilize. Huenda akakwambia lugha ni ngumu, au hadithi inakwenda polepole, au hamwoni mtu wa kwao ndani yake. Hayo yote yana dawa, na dawa yake ni kitabu kingine, shujaa wake awe wa kike au wa kiume.