Risasi Nyembamba Iliyomaliza Tembo wa Lado

Tarehe 9 Mei 1906, jijini London, Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mtawala wa Kongo, walitiliana saini mkataba uliochora upya nchi iliyo kaskazini ya Mahagi-Port, bandari ya Ziwa Albert. Eneo la Lado, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile, Leopold alikuwa amekodishiwa na Waingereza tangu 1894. Mkataba ulitaka eneo hilo lirudi Sudani ndani ya miezi sita baada ya utawala wake huko kukoma. Kipande kimoja tu kingebaki Kongo: ukanda wa kilomita 25 kwa upana, unaoteremka kutoka vilima vinavyogawa maji ya Kongo na ya Nile hadi ufuoni mwa Ziwa Albert, bandari ya Mahagi ikiwa ndani yake.

Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, na Juni 1910 Lado ikakabidhiwa. Kwa miezi hiyo sita, nchi yenye makundi makubwa ya tembo ilikuwa na serikali moja inayofunga mizigo na nyingine ambayo haijafika. Wawindaji wa pembe wakavuka Nile kuingia humo. Wengi wa wawindaji wa enzi hizo waliamini kwamba mnyama mkubwa anahitaji bunduki kubwa. Mskoti mmoja aliyezaliwa 1880, Walter Bell, aliyepewa jina la Karamojo kutokana na safari zake za Karamoja, Uganda, hakukubali. Alipenda bunduki nyepesi ya milimita 7 iliyouzwa na kampuni ya Rigby ya London, lakini mitambo yake ilitoka mji mdogo wa Ujerumani, Oberndorf, penye kiwanda cha Mauser. Kufikia mwisho wa maisha yake ya uwindaji, Bell alikuwa ameua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki za aina hiyo.

Iliwezekanaje risasi nyembamba kuliko kidole kumwangusha mnyama wa tani tano? Jibu liko katika baruti, chuma na umbo la risasi, na linaeleza pia kwa nini nchi inayoizunguka Mahagi ilipoteza wanyama wake haraka namna ile.

Paul Mauser alizaliwa Oberndorf mwaka 1838, mtoto wa mwisho kati ya 13 wa fundi bunduki aliyefanya kazi katika karakana ya kifalme ya mji huo. Yeye na kaka yake Wilhelm walibuni bunduki ya risasi moja moja ambayo Dola mpya ya Ujerumani iliichagua kuwa ya jeshi, nayo ikaitwa Modeli 71. Mwaka 1874 ndugu hao wakanunua karakana yenyewe. Wilhelm, aliyekuwa mwepesi wa biashara, alifariki 1882. Paul, aliyekuwa fundi hasa, aliendelea kubuni hadi kifo chake mwaka 1914, ingawa mwaka 1901 alipoteza jicho la kushoto alipokuwa akijaribu bunduki mpya.

Modeli 71 ilitumia baruti nyeusi. Baruti hiyo ina kasoro mbili ambazo mpiga risasi hawezi kuzikwepa. Inaacha masizi mengi ndani ya mtutu, na inatoa wingu zito la moshi mweupe. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado wanabeba Modeli 71 vita vilipoanza mwaka 1914. Katika mapigano ya Tanga, Novemba mwaka huo, kila mlio wa bunduki yao ulimwonyesha adui mahali walipojificha.

Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi. Baruti hiyo ilisukuma risasi kwa nguvu kubwa zaidi, na hapo mambo mengine yakabadilika moja baada ya jingine. Risasi tupu ya madini ya risasi ingechubuka mtutuni kwa kasi hiyo, kwa hiyo ilivikwa ganda gumu la chuma. Kwa kuwa kasi ilipanda, risasi iliweza kuwa nyembamba na bado ikafika mbali. Mauser alikuwa mwepesi kuelewa mabadiliko haya. Mwaka 1889 Ubelgiji ilichagua bunduki yake mpya, na kampuni ya FN ikaanzishwa Herstal, karibu na Liège, hasa kwa ajili ya kutengeneza bunduki 150,000 za aina hiyo. Kiwanda hicho ambacho baadaye silaha zake zilisambaa Kongo nzima kilizaliwa kwa kazi ya Mauser. Mwaka 1893 ikafuata bunduki ya Wahispania ya milimita 7. Makaburu wa Afrika Kusini waliitumia milimita 7 hiyo dhidi ya Waingereza kati ya 1899 na 1902, wakiwalenga kutoka mbali kuliko majenerali walivyozoea.

Kisha ikaja Modeli 98, iliyokubaliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898. Ukiishika mkononi, kitu cha kutazama ni komeo lake, yaani kipande cha chuma cha mviringo kinachofunga nyuma ya mtutu. Mbele kina meno mawili mazito yanayojifunga ndani ya chuma cha bunduki ukikizungusha, na nyuma kuna jino la tatu la akiba, endapo mawili ya mbele yatashindwa. Ubavuni kuna ukucha mrefu wa springi. Risasi ikitoka tu kwenye magazini, ukucha huo huidaka kwenye ukingo wa kitako chake na kuishikilia hadi iingie mtutuni, kisha huvuta ganda tupu nje baada ya mlio. Hata bunduki ikiwa imepinduliwa, hata mkono ukitetemeka, risasi haianguki wala hazikwami mbili kwa pamoja. Kwa mtu anayesimama hatua 20 kutoka kwa tembo, ukucha huo ulikuwa na thamani kuliko nguvu yoyote. Marekani ilipotengeneza bunduki yake ya Springfield ya 1903, iliiga ubunifu huu kwa karibu kiasi kwamba ililazimika kumlipa Mauser dola 200,000.

Sasa turudi kwenye risasi ya Bell. Ilikuwa na uzito wa gramu 11 na ushei, na ilitoka mtutuni kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde. Bunduki nzito ya tembo ya wakati huo, ile ya kipimo cha .577, ilirusha risasi ya gramu 48 kwa mita 625 kwa sekunde. Kwa nishati, nzito inaizidi nyepesi zaidi ya mara tatu. Lakini kinachoamua risasi itapenya kiasi gani ni uzito uliopo nyuma ya kila milimita mraba ya uso wake. Piga hesabu: risasi ya milimita 7 inabeba gramu 0.27 kwa kila milimita mraba, na ile nzito gramu 0.28. Tofauti ni ndogo sana. Sindano ndefu hupenya sawa na msumari mnene, na mkono unaoisukuma hauumii. Bunduki nzito humpiga mpigaji teke begani, naye hujifunza kufumba macho kabla ya mlio. Nyepesi humwacha aone risasi yake imeenda wapi.

Ili risasi ndefu isipinduke hewani, ni lazima izunguke. Ndani ya mtutu wa Mauser wa milimita 7 kuna mifuo iliyojisokota mzunguko mmoja kila milimita 220, kwa hiyo risasi inatoka ikizunguka zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde. Mzunguko huo ndio unaoishikilia ielekee mbele. Hauwezi kuizuia isianguke. Kwenye mita 100 huwa imeshuka kiasi cha sentimita 11. Kwenye mita 300, kwa kuwa hewa imeipunguza mwendo, imeshuka zaidi ya mita moja. Ndiyo maana bunduki za masafa marefu hudai hesabu pamoja na jicho, na ndiyo maana viwanda vikahamia kwenye risasi zenye ncha kali zinazokata hewa vizuri zaidi.

Kutoka mzizi huo mmoja Mauser ilitoa ukoo mzima. Ilitengeneza umbo refu na nene la Modeli 98 ambalo Rigby walilitumia mwaka 1911 kwa risasi yao maarufu ya .416. Mwaka 1918 ilitoa bunduki kubwa ya milimita 13 ya kutoboa vifaru vya vita, ya kwanza ya aina yake duniani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wafaransa walikibomoa kiwanda cha Oberndorf, na wahandisi watatu waliobaki hapo wakaanzisha Heckler & Koch mwaka 1949. Jina la Mauser lilirudi, na kati ya bunduki zake za baadaye ni SP66, iliyotengenezwa kwa walenga shabaha wa polisi na wa jeshi kwa msingi wa bunduki yake ya uwindaji ya Modeli 66.

Chuma peke yake hakikumpa Bell tembo elfu. Alikata fuvu la tembo kwa msumeno, akachunguza ndani. Sehemu kubwa ya kichwa kile ni mfupa wenye vijishimo vya hewa, na ubongo ni mdogo ukiulinganisha, umekaa nyuma na chini. Akachora, akajifunza pembe zote za kuufikia. Elimu ya mwili wa mnyama na elimu ya chuma zilipokutana, tembo hakuwa na kinga tena. Zamani gobore lilimlinda bila kukusudia: lilichelewa kujazwa, lilitoa moshi, lilifika karibu tu. Viwanda viliondoa vizuizi hivyo kimoja kimoja, na kilichobaki kumlinda mnyama ni sheria. Katika Lado ya 1910 sheria haikuwepo.

Januari mwaka huo huo, Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alipanda mashua Butiaba, ng'ambo ya ziwa, akateremka Nile hadi ukingo wa Lado. Mojawapo ya bunduki zake ilikuwa Springfield, mtoto wa Mauser. Yeye na mwanawe Kermit waliwaua vifaru weupe wa kaskazini tisa kwa ajili ya makumbusho, wakiamini kwamba wanaitumikia sayansi. Leo vifaru wa jamii hiyo wamebaki wawili duniani, Najin na Fatu, wote majike, wakiishi Ol Pejeta nchini Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa tarehe 19 Machi 2018.

Makazi ya mwisho ya porini ya vifaru hao yalikuwa Garamba, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1938 kaskazini mwa Kongo yetu. Katika miaka ya 1970 Garamba ilikuwa na tembo wapatao 22,000, na leo waliobaki ni sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Machi 2012 askari wa hifadhi walikuta tembo 22 wameuawa kwa mara moja, wengi kwa risasi moja ya utosini, na dalili zote zilionyesha wapigaji walikuwa kwenye helikopta. Elimu ya ubongo wa tembo iliyochorwa na Bell ilikuwa bado inafanya kazi yake.

Mtu akisifu bunduki inayofika kilomita moja, aulizwe swali la pili: sheria yake inafika wapi? Garamba imeonyesha kwamba swali hilo lina jibu. Tangu 2005 taasisi ya hifadhi ya taifa, ICCN, inaiendesha pamoja na shirika la African Parks, na Juni 2023 vifaru weupe 16 wa jamii ya kusini waliletwa huko kutoka Afrika Kusini. Hawachukui nafasi ya wale waliopotea. Lakini wanaishi pale kwa sababu watu wanaolipwa, waliofunzwa na wanaoaminiana na vijiji jirani wanawalinda usiku na mchana. Sisi wa Ituri, mkoa wenye Mahagi, tuliozika watu wengi kwa silaha zilizotengenezwa mbali, tunajua zaidi ya wengine kwamba kiwanda hakitapunguza masafa ya bunduki kwa ajili yetu. Kazi ya kurefusha sheria hadi izidi masafa hayo ni yetu, na ni lazima ianze kabla serikali yoyote haijafunga mizigo.