Alama za Aina katika TypeScript: Kufutwa si Kukaguliwa

Lugha ya JavaScript ilizaliwa mwaka 1995 kwa ajili ya vivinjari vya intaneti. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, ambayo huiendesha lugha hiyo kwenye seva. JavaScript haimlazimishi mwandishi wa programu kutaja kama thamani fulani ni namba au ni maandishi, na katika programu kubwa uhuru huo huzaa makosa mengi. Ndiyo maana Microsoft ilitoa TypeScript mwaka 2012, yaani JavaScript iliyoongezewa alama za aina.

Alama hizo zafanana kiasi na upatanisho wa kisarufi. Katika «kitabu kizuri», kiambishi cha kivumishi huafikiana na ngeli ya nomino. Mtu akisema «kitabu mzuri», msikilizaji hutambua kosa mara moja. Vivyo hivyo mkaguzi wa TypeScript hutambua maandishi yaliyowekwa mahali pa namba, kabla programu haijaendeshwa.

Kwa muda mrefu Node.js haikuweza kuzisoma alama hizo. Ilibidi programu igeuzwe kwanza kuwa JavaScript tupu. Toleo la 22.6, la mwaka 2024, lilileta njia ya majaribio ya kuiendesha moja kwa moja. Tangu toleo la 23.6, la Januari 2025, njia hiyo hutumika bila kuombwa. Utaratibu wake ni mwepesi: kila alama ya aina hufutwa, na nafasi tupu huachwa mahali pake. Hivyo maandishi yaliyosalia hayasogei, na kosa likitokea huonyeshwa kwenye mstari uleule alioandika mwenye programu. Miundo ya TypeScript ambayo haifutiki, bali hudai kugeuzwa kuwa maagizo mapya ya JavaScript, hukataliwa.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba afutaye hakagui. Mathalani, sehemu ya programu inayojumlisha pointi za mtihani imewekewa alama kwamba hupokea namba mbili tu. Ikipewa namba 12 pamoja na 5 iliyoingizwa kama maandishi, Node.js hailalamiki: huziunganisha na kutoa 125 badala ya 17. Mwanafunzi huyo atapewa pointi zisizo zake, na hakuna onyo litakalotokea.

Basi kuendesha moja kwa moja kumepunguza hatua ya kugeuza, lakini hakukuondoa haja ya kukagua. Mkaguzi wa TypeScript yapasa aitwe kando, kabla programu haijakabidhiwa seva.